Cherehani ya Bibi na Namba Nisiyoisoma



Wiki chache zilizopita frateri mwenzangu anayesimamia chumba cha ushonaji hapa seminarini aliniomba nimtafutie mtandaoni spea ya cherehani ya zamani. Kabla hajamaliza kueleza nikamwuliza, "Umesoma namba yake?" Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Swali hilo nililipia, na zaidi yangu alililipia bibi mmoja mjane ambaye hakuwa na kosa lolote. Naandika habari hii kwa ajili ya mafrateri wenzangu, na pia kwa waamini wenye cherehani za urithi majumbani mwao.

Mwaka wangu wa uchungaji niliufanyia katika parokia moja ya vijijini, Nyanda za Juu Kusini. Katika kigango kimoja alikuwepo bibi aliyeshona vitambaa vya altare, kanzu za watumishi wa altare na nguo za watoto wa Komunyo ya Kwanza. Cherehani yake ilikuwa Singer nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, yenye nakshi za dhahabu zilizokwisha kufifia. Aliirithi kwa mama mkwe wake. Kwa cherehani hiyo alisomesha watoto wanne, na sasa alikuwa anamlea mjukuu.

Mwezi wa Januari mjukuu huyo alichukua kichuma fulani cha chini ya cherehani, kile kinachobeba uzi wa chini, akaenda kuchezea nje. Kikapotelea chooni. Cherehani ikawa nzima kabisa isipokuwa haishoni, kwa sababu uzi wa juu peke yake haufungi mshono.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, bibi alinisubiri mlangoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba, frateri. Nasikia ninyi wasomi mnapata kila kitu kwenye simu. Nitafutie kile kichuma. Kilikuwa kirefu, kama mtumbwi." Akafungua pindo la kitenge akanipa shilingi elfu hamsini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Usiku ule nilinunua bando, nikaandika kwenye simu jina la Singer pamoja na neno bobini. Zikaja picha mamia. Nyingi zilionyesha kikombe cha duara kinachong'aa, na bobini za duara pembeni yake. Neno la bibi kuhusu mtumbwi nililikumbuka, lakini nikajisemea moyoni kwamba ni mzee, amesahau, au hajui namna ya kueleza vitu vya kiufundi. Muuzaji aliandika kwamba kikombe hicho ni cha Singer za zamani. Nikaagiza kutoka nje ya nchi, pamoja na bobini kumi. Gharama na usafirishaji zikamaliza karibu fedha yote.

Mzigo ulifika Juma Kuu. Nikaupeleka kwa bibi mwenyewe kwa pikipiki, nikiwa na furaha kama mtu aliyeleta habari njema. Bibi aliutazama kidogo tu. Akanyanyuka, akaleta kopo la vifungo, akatoa humo bobini moja nyembamba na ndefu, mfano wa kijiti chenye vichwa viwili. "Hii hapa ndiyo bobini yangu, frateri. Utaiingizaje katika kikombe hicho?" Bobini ile ilikuwa ndani ya kopo siku zote. Nisingeweza kukosea kama ningemwomba anionyeshe.

Nilikwenda mjini kwa fundi wa cherehani sokoni, nikitumaini kwamba kikombe kinaweza kurekebishwa. Alikipindua mkononi akaniambia kwamba vikombe hivyo amejaza droo nzima, kwa bei ya chai na vitumbua. Akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Singer ilitengeneza cherehani za aina nyingi sana. Aina ya 15, ambayo bobini yake ni ya duara, ilikuja kuigwa na viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha na vya China. Butterfly tunazoziona kila mahali ni za ukoo huo. Ndiyo maana spea zake zimejaa. Cherehani ya bibi ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa, na ule mtumbwi wake fundi hakuwa nao.

Sasa nikawa na jaribu. Bibi hakunidai. Alisema tu, "Haya, ni bahati mbaya," akaendelea kushona kwa mkono. Ningeweza kuliacha hivyo, nikaliungama kama uzembe, nikalala usingizi. Jioni moja mezani nilimsimulia baba paroko kama kisa cha kuchekesha. Hakucheka. Aliniuliza, "Fedha ilikuwa ya nani?" Nikajibu ya bibi. "Basi bado iko kwako." Darasani nilikuwa nimejibu vizuri mtihani juu ya wajibu wa kurudisha. Nilijua kwamba anayemsababishia jirani hasara hatakiwi kusikitika tu, anatakiwa pia kuitengeneza hasara hiyo kadiri awezavyo. Mezani pale nikatambua kwamba mtihani nilifaulu lakini somo lilikuwa halijaniingia.

Nilirudi kwa bibi. Nilimwambia waziwazi kwamba haikuwa bahati mbaya. Uliniambia mtumbwi, nami sikukusikiliza kwa sababu nilijiona najua zaidi. Nikamwahidi kumrudishia fedha yake kidogo kidogo kutoka posho yangu, na kumtafutia kichuma chake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Fedha utarudisha. Kwanza kaa hapa uitazame cherehani yenyewe."

Tukaitazama pamoja. Upande wa kulia, kwenye kitako chake, chini ya gurudumu, palikuwa na sehemu ndogo iliyoinuka, imefunikwa na mafuta yaliyoganda pamoja na vumbi. Tuliifuta taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. (Msitumie spiriti, maana huyeyusha vanishi ya cherehani hizi za zamani na kuondoka na nakshi zake.) Ikatokea herufi Y, na nyuma yake tarakimu saba. Bibi alikuwa ameishi na namba ile zaidi ya miaka arobaini bila kuijali, nami nilikuwa nimenunua spea bila kuiuliza.

Kutoka hapo kazi ikawa nyepesi. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa cherehani za kale, kiitwacho ISMACS, kimeweka mtandaoni orodha za namba za Singer, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kwa herufi na tarakimu unajua cherehani ilitoka kiwanda gani, katika kipindi gani, na mara nyingi ni ya aina gani. Herufi Y ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Yetu ilikuwa ya aina ya 28. Kiwanda kile kilikuwa kikubwa mno, hata kituo cha treni jirani yake kinaitwa Singer mpaka leo. Kilifungwa mwaka 1980. Maana yake ni kwamba hakuna tena kiwanda cha kukiomba kichuma. Spea hutoka katika cherehani nyingine zilizokufa, au zinatengenezwa upya kwa kuigiza.

Nilijifunza pia kwamba aina za 27, 28, 127 na 128 ni ndugu. Zote hutumia bobini ndefu ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi, ambacho huyumba kwenda na kurudi kikipitisha uzi wa chini katika kitanzi cha uzi wa juu. Kumbe neno la bibi lilikuwa sahihi kuliko maneno yote niliyoyaandika kwenye simu. Nilipotafuta kwa namba 28 badala ya jina la kampuni, picha ya kwanza kabisa ilikuwa mtumbwi.

Vitabu vya maelekezo vya cherehani hizi vinapatikana mtandaoni bure. Maktaba za Smithsonian za Marekani, kwa mfano, zimehifadhi machapisho mengi ya zamani ya makampuni ya cherehani. Nilipakua kitabu cha aina ya 28, nikakaa na bibi nikimtafsiria. Nikisoma kwamba uzi unaingia tundu la sindano kutoka kushoto kwenda kulia, yeye anaitikia, "Ndivyo." Nikisoma mahali pa kutia mafuta, kidole chake kimeshafika. Hakuna ukurasa uliomfundisha jambo jipya. Mama mkwe wake alimfundisha kitabu chote bila kitabu.

Safari hii sikununua haraka. Nilimpata muuzaji Uingereza mwenye mtumbwi wa asili. Nilimwomba picha yake ikiwa imewekwa karibu na rula, nikalinganisha na bobini ya bibi. Nikaomba picha ya karibu ya ncha yake, kwa sababu ncha yenye kutu au iliyovunjika hukata uzi. Nikahakikisha kwamba kibamba cha chuma kinachobana uzi ubavuni bado kipo. Padre mmoja wa jimbo letu aliyekuwa masomoni huko alikubali kupokea kifurushi na kuja nacho likizo. Nililipa kwa posho yangu.

Padre alifika mwezi wa Agosti, siku chache kabla ya sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Bibi alivuta uzi ndani ya mtumbwi bila kuangalia, akaupachika mahali pake, akazungusha gurudumu. Mshono ukatoka umenyooka. Akacheka, akaita majirani.

Lakini lazima niseme lote. Komunyo ya Kwanza ilikuwa imepita tangu Juni. Watoto wa kigango walikuwa ishirini na wawili, na kwa mkono bibi aliweza kushona kanzu tisa tu. Wengine waliazima kigango cha jirani, na wengine walivaa sare za shule. Fedha nilimaliza kumrudishia Novemba. Siku ile ya Juni haina namna ya kurudishwa, na macho yake aliyoyachosha kwa kibatari siwezi kuyalipa.

Basi ndugu yangu mwenye cherehani ya urithi, usikubali haraka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwanza futa vumbi usome namba. Tafuta kwa namba na aina, usitafute kwa jina la kampuni tu. Tazama pia vichuma vyenyewe, kwa sababu vingi vya Singer vimepigwa chapa ya neno Simanco pamoja na namba ya spea. Kabla ya kutuma fedha, weka mkononi kipande cha zamani au chochote kinachoshirikiana nacho, ulinganishe na picha. Ukishaipata, tumia mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuifunga.

Na ninyi mafrateri wenzangu, tutatumwa kwa watu ambao hawajui maneno ya vitabuni. Watatueleza mahitaji yao kwa mifano ya mtumbwi, ya jiwe, ya kuni. Simu itatupa majibu mia kabla hawajamaliza sentensi, na mengi yatafanana na ukweli. Tuwaombe kwanza watuonyeshe kilichomo ndani ya kopo.

Kile kikombe cha duara bado kinaning'inia msumarini ukutani kwa bibi. Nilipokwenda kumuaga nilimwomba nikichukue, naona aibu kukiona. Alikataa. "Kiache, frateri. Siku utakapokuja hapa umeshakuwa padre, nitakuonyesha."