Likizo ya Askari na Watoto: Kutoka Kampala Hadi Jinja

Askari apatapo cheti cha likizo, siku zake huwa zimekwisha kugawanywa kabla hajafika nyumbani. Kuna shamba linalomngoja kijijini, kuna wazee wa kuamkiwa, kuna paa linalovuja tangu masika. Watoto huwekwa mwisho, na aghalabu likizo humalizika kabla zamu yao haijafika. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wengi wa Uganda wamehudumu Somalia, mbali na familia zao. Na polisi aliye nchini naye aweza kuhamishwa kutoka Kampala hadi Karamoja, mkewe na watoto wakabaki nyuma. Ndipo baba arejeapo humkuta mtoto aliyemwacha akibebwa mgongoni sasa anatembea, naye akajificha nyuma ya kanga ya mama yake kwa kumwogopa mgeni.

Deni hilo halilipwi kwa peremende. Hulipwa kwa siku chache za kula, kutembea na kulala pamoja, mahali ambapo baba haitwi na mtu kila saa. Kwa familia iishiyo Kampala au karibu yake, mji wa Jinja wafaa sana kwa kazi hiyo. Uko kilomita 80 hivi upande wa mashariki, nauli yake si ya kutisha, na kuna jambo kubwa la kuwaonyesha watoto: mahali ambapo Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria.

Safari njema huanza mezani, si barabarani. Shule za Uganda hufungwa mara tatu kwa mwaka, na likizo ndefu ni ya Desemba na Januari. Siku za kuikaribia Krismasi nauli hupanda na magari hujaa. Katikati ya Januari njia huwa shwari na mvua ni chache. Lakini Januari ndiyo pia mwezi wa kutafuta ada. Kwa hiyo baba na mama hawana budi kutenga ada kwanza, kisha kilichobaki ndicho kiamue kama familia italala Jinja siku mbili au itakwenda asubuhi na kurudi jioni. Familia iliyorudi na picha nzuri, kisha mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, haikupumzika.

Katika hesabu hiyo yafaa kuandika nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, viingilio na mashua, pamoja na akiba ya ugonjwa isiyoguswa kwa lolote jingine. Watoto wakubwa na waelezwe mpaka wa fedha mapema. Mtoto wa miaka kumi akijua kwamba soda ni moja kwa siku, hatalia mbele ya kila duka. Kabla ya kuondoka, nyumba ya kulala wageni ipigiwe simu na kuulizwa mambo matatu: je, vitanda vina vyandarua, maji yapo, na watoto hutozwa kiasi gani?

Mizigo ifungwe jioni ya kuamkia safari. Kila mtoto anayeweza kutembea abebe kifuko chake chenye nguo ya kubadili na sweta. Mama achukue maji yaliyochemshwa, dawa za mtoto mwenye maradhi ya kudumu, na mfuko mtupu kwa ajili ya atakayetapika njiani. Karatasi yenye namba ya simu ya mzazi itiwe katika mfuko wa kila mtoto, kwani kwenye vituo vya magari mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua.

Yafaa kuondoka alfajiri, kabla barabara ya Jinja haijazibwa na msongamano. Barabara hiyo ndiyo njia ya malori yatokayo Mombasa, na aliyechelewa kutoka mjini aweza kutumia saa nyingi kabla hajaipita Mukono. Askari amezoea kwenda mwendo mrefu bila kusimama; mtoto wa miaka mitatu hakuzoea. Mwenye gari lake na asimame mara mbili. Anayesafiri kwa gari la abiria ahakikishe watoto wote wamekwenda msalani kwanza, maana dereva hatasimama kwa ajili ya mmoja.

Baada ya Mukono huonekana mashamba ya miwa ya Lugazi, kisha msitu wa Mabira ukaifunika barabara pande zote mbili. Katika msitu huo wamo ndege wa aina zaidi ya 300, na nyani wadogo ambao mtoto mwenye macho makali aweza kuwaona mitini. Hapo Najjembe wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma vijitini na ndizi tamu ziitwazo gonja. Chakula cha moto kilichotoka jikoni wakati ule ni salama kuliko kilichozungushwa tangu asubuhi. Kabla ya kufika mjini watoto waliosinzia waamshwe, kwa sababu gari halitasimama juu ya daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa mwaka 2018. Likipita limepita.

Jina la Jinja latokana na neno lenye maana ya jiwe, na watoto watauliza mawe yako wapi. Mzazi awe na jibu. Wenyeji waliujua mto huo, wakauita Kiyira, muda mrefu kabla Mwingereza John Hanning Speke hajafika hapo mwaka 1862 na kuyaita maporomoko yake Ripon. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Kinachoonekana leo ni maji yanayojipinda na kuanza kukimbia, kana kwamba yamekumbuka safari. Toka hapo yatapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, Sudan Kusini, Sudan na Misri, mpaka baharini. Hapo pia pana ukumbusho wa Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni humo mwaka 1948.

Mashua huwapeleka wageni karibu na chanzo chenyewe. Mtoto asipande bila jaketi la kuokolea linalomtosha; kama la kimo chake halipo, familia ibaki ufukoni bila kuona haya. Vilevile watoto wasiachwe kuchezea maji ya kando ya ziwa, kwani kichocho hukaa humo. Penye maji, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja anayemtazama, na zamu ibadilishwe kwa maneno, si kwa kudhania. Kazi ya ulinzi askari anaijua. Hapa anailinda mali yake mwenyewe.

Hata hivyo likizo si gwaride. Jambo moja asubuhi latosha. Mchana wadogo walale, na jioni iachwe wazi kwa matembezi. Mpango ukatwe kwa kipimo cha hatua za mtoto aliye mdogo kuliko wote, wala si kwa hamu ya mkubwa. Tena mama naye yumo likizoni. Ikiwa ataosha nepi na kuwabembeleza watoto peke yake Jinja kama afanyavyo kota, basi amebadili mahali tu. Baba na amwogeshe mtoto yule aliyemwogopa, amlishe, ambebe begani njia nzima ya kwenda mtoni. Huko ndiko kujuana.

Mwisho, familia irudi nyumbani siku mbili tatu kabla ya likizo kwisha, ili nguo zifuliwe na maneno yazungumzwe. Wako wanaoondoka usiku watoto wakiwa wamelala, wakidhani wanawaepusha na kilio. Kilio huja asubuhi, nacho huja na hofu kwamba baba hutoweka. Afadhali mtoto aambiwe siku ya kuondoka na mwezi wa kurudi, kisha amsindikize baba mpaka langoni akiwa macho.