Gome la Mti na Mstari wa Mpaka

Tulitoka Izigo kwa Noah, godoro nyuma, tukalala garini Mutukula, kisha Masaka, hadi Kampala. Katika Makumbusho ya Uganda nilisimama kitambo mbele ya nguo ya magome, ile Waganda waiitayo olubugo. Gome la mutuba huchunwa wakati wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kisha huanikwa juani hadi lipate wekundu wa udongo. Shina hufungwa majani ya mgomba, nalo huota gome jipya. Palipokuwa na tawi hubaki tundu, na tundu hutiwa kiraka. Viraka hivyo ndivyo vilivyonishika.

UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa urithi wa Uganda. Vema. Lakini Wahaya nao waliivaa nguo hiyo kabla ya marekani kufika kutoka pwani (marekani, msomaji wangu, ni kitambaa, si dola). Mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwenye digrii moja kusini mwa ikweta, haukujali mti unaota wapi. Mti ungali unatia kivuli vibanjani kwetu. Ajuaye kulichuna na kuliponda gome lake simjui. Wizara zetu hupenda maonyesho yenye ngoma. Nani ameshafika Masaka kuomba kijana mmoja wa Muleba afundishwe?