Jembe la Bibi Kwenye Buti la Gari

Naomba niungame mapema: zawadi niliyoionea aibu kuliko zote kwenye sendofu yangu ilitoka kwa mtu aliyenipenda kuliko wote pale ukumbini.

Ilikuwa Shinyanga mjini, mwaka 2019. Ukumbi umepambwa, mashangazi wamependeza na sare zao za kitenge, keki iko mezani. Zamu ya bibi ilipofika akaja taratibu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga. Nikajua ni mashuka. Akafungua: jembe. Tena siyo la dukani, ni lile la kizamani lenye umbo la moyo, chuma cheusi kilicholika pembeni, na msuka wake wa kuchomeka kwenye mpini. Mpini wenyewe haukuwepo.

Mshehereshaji hakuliacha lipite. "Jembe tumeliona, mpini tumuulize bwana harusi!" Watu wakavunjika mbavu. Mchumba wangu naye akacheka. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, akabaki anatabasamu bila kujua kinachochekwa ni nini. Nikapiga goti, nikasema wabeja, nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Lakini moyoni nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipofika Dar jembe halikuingia ndani. Lilikaa kwenye buti la gari, pembeni ya tairi la akiba, karibu miaka miwili. Na kila tulipogombana nilimkumbusha mume wangu jinsi alivyomcheka bibi yangu. (Mnatujua tena, kwa kutunza kumbukumbu benki haioni ndani.) Siku moja akanijibu kwa upole: "Mimi nilicheka dakika moja. Wewe umemfungia kwenye buti miaka miwili." Nikakosa neno.

Bibi alifariki 2021. Alizaliwa kabla almasi ya Mwadui haijagunduliwa mwaka 1940, hivyo alikuwa ameiona Shinyanga ya kila aina. Tulipotoka msibani tukapitia kwa wakwe zangu, Geita. Mume wangu ni Mzinza wa huko. Baba mkwe akaja kutusaidia kushusha mizigo, akaliona. Akalitoa, akalifuta vumbi kwa shati lake, akaligonga na funguo huku akisikiliza mlio.

"Mwanangu, hili umelipata wapi?"

"Ni la bibi yangu, baba. La Shinyanga."

"Siyo la Shinyanga. Hili ni la Warongo. Limetoka huku huku kwetu."

Nilikuwa naijua Geita ya dhahabu tu, ile ya mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 na ya wachimbaji wadogo wenye ndoto za usiku mmoja. Mzee akanipa Geita nyingine. Kabla ya wakoloni, Warongo wa upande huu walikuwa wanayeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru za udongo, kwa mkaa na mivukuto, kisha wanafua majembe. Kazi ilikuwa na miiko yake: mpaka chuma kiive, fundi halali na mkewe. (Wanandoa mnaosoma, msiniulize zaidi.) Majembe hayo yalisafirishwa hadi Usukuma, yakabadilishwa kwa mifugo na chakula, yakatolewa hata mahari. Yalipokuja majembe ya Ulaya ya bei rahisi, tanuru zikazimika.

Usiku ule nikampigia simu mama mkubwa. Akashangaa kwamba sijui. Jembe lile lilikuwa sehemu ya mahari ya bibi yake bibi. Kizazi hadi kizazi limekuwa likienda kwa mjukuu wa kike anayeolewa. Mpini huondolewa kwa sababu kila nyumba inachonga wa kwake.

Nililia, siwadanganyi. Pete zetu za ndoa tulinunua Kariakoo, na sonara mwenyewe hakujua dhahabu ile ilichimbwa wapi. Kitu pekee nilichokuwa nacho kilichotoka nyumbani kwa mume wangu kikaja nyumbani kwangu, nilikitupa karibu na jeki. Na mimi shuleni nilicheza bugobogobo, nikirusha jembe la mbao juu na kulidaka, nikapigiwa makofi!

Kabla ya kurudi Dar tulipita Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna nyumba ya mhunzi. Mume wangu alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu akasema, "Nilimcheka mzee wa watu." Hatukuongea tena mpaka Mwanza mjini.

Sasa jembe liko sebuleni, ukutani. Mpini alichonga yeye, wa mninga, umepinda kidogo na sikumwambia. Tunabishana kama lipakwe vanishi. Mimi nimekataa.

Binti yetu ana miaka mitatu. Juzi akauliza la nani. Nikamwambia ni la bibi yake bibi yangu.

"Anaitwa nani?"

Nikampigia tena mama mkubwa. Naye hajui. Ameahidi kuwauliza wazee waliobaki Kishapu.