Chapati, dagaa na mama mwenye nyumba

Wengi mnaniuliza naishije Dar, tena nyumba ya kupanga, na "lile dubwana". Dubwana lenyewe ni pitbull, dume la miaka miwili, jina lake Chapati. Ukiona rangi yake hutauliza kwa nini.

Nilimchukua kwa binamu yangu alipohamia Mwanza. Huko alikuwa anafungwa mnyororo usiku na mchana, eti awe mkali. Na kweli akawa mkali, maana mbwa asiyeweza kukikimbia kinachomtisha hubakiwa na njia moja tu: meno. Watu wanauita ulinzi. Mimi naona ni woga.

Mama mwenye nyumba alinipa mwezi mmoja. "Mwanangu, huyo mnyama atulie, la sivyo mtafute pa kwenda wote wawili." Alikuwa na haki. Uani tuna kaya nne na watoto sita, halafu mzee wa chumba cha mbele ni mshika dini hasa. Mate ya mbwa yakigusa kanzu yake, kwake ni kuosha mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo aswali nayo. Hilo si la kuchekea wala kubishania.

Ushauri nao ulimiminika: mchape, ajue nani bosi! Hadi dereva wa bodaboda ananifundisha... Jamani, hadithi ya mbwa mwitu mbabe anayetawala kundi ilitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kujuana. Mtaalamu wa Kimarekani David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza sana, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi kwa kawaida ni familia tu, wazazi na watoto wao.

Kwa hiyo silaha yangu ikawa dagaa, wale wakavu wasio na chumvi. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Nasema "kaa", makalio yakigusa chini tu, dagaa mdomoni hapo hapo. Ukichelewa hata kidogo, mbwa anadhani amelipwa kwa kusimama.

Kazi kubwa ilikuwa watoto. Tulianza mbali kabisa, kule geti, mahali ambapo anawaona lakini hangurumi. Akimwona mtoto, dagaa. Mtoto akipotea, dagaa zinaisha. Akikaza mwili, tunarudi nyuma, bila kumgombeza, kwa sababu kungurumia ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kutoa onyo siku nyingine atauma bila kulitoa. Wiki ya tatu akawa akiona mtoto ananigeukia mimi, kama anadai mshahara! Hata hivyo hakuna mtoto anayemshika, na hatoki bila kamba na kifunga mdomo. Tunatoka alfajiri, mzee akishakwenda msikitini. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nimeibandika mlangoni, kila mtu aisome.

Halafu furaha. Chakula chake sikiweki kwenye bakuli, nakitawanya kwenye majani akitafute kwa pua. Robo saa ya kunusa inamchosha kuliko kukimbizana, na akichoka hivyo analala kama mlevi wa Jumamosi.

Wanaosema damu haibadiliki nawakumbusha mwaka 2007, Marekani. Karibu pitbull 50 walichukuliwa kwenye nyumba ya mchezaji Michael Vick, Virginia, walikokuwa wanapiganishwa. Wapo waliotaka wauawe wote. Badala yake walipimwa mmoja mmoja, na aliyeuawa kwa ukali alikuwa mmoja tu. 22 walipelekwa kwenye makazi ya Best Friends, Utah, na wengi baadaye wakapata nyumba. Mmoja, Jonny Justice, aliishia kukaa na watoto wanaojifunza kusoma. Simaanishi kila pitbull atafika huko. Taya ni taya, na akiuma anaumiza haswa.

Mwezi ulipoisha mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Chapati akakaa. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akadai kodi ya miezi sita mbele.

Kilichobaki ni kuku wa jirani. Mbele ya kuku hata dagaa hawana thamani, kwa hiyo kamba bado haitoki mkononi.