Jumamosi Zetu za Vitonge vya Chokoleti

Sisi ni akina mama wanne tunaokaa mtaa mmoja hapa Mbeya. Mmoja wetu ni muuguzi, mmoja ni mwalimu, wa tatu ana duka la madaftari, na wa nne yuko nyumbani anafuga kuku. Watoto wetu wote kwa pamoja ni 11, na wengi wao wamekwisha kuingia umri ule ambao mtoto ukimwuliza habari za shule anakujibu "nzuri," kisha anakwenda zake chumbani. Mama mwenye mtoto wa sekondari anaijua hiyo "nzuri." Ukiisikia, ujue mazungumzo yamekwisha.

Tangu likizo ya Juni ya mwaka 2023 tumekuwa tukikutana Jumamosi moja kila mwezi, mchana, nguo zikiwa zimekwisha kufuliwa na kuanikwa. Tunakusanyika katika jiko la yule mwenye meza kubwa, tukatengeneza vitonge vya biskuti vilivyovishwa chokoleti. Wazungu wana jina lao kwa kitu cha namna hii. Wafaransa walikipa jina la uyoga mmoja wa thamani unaochimbwa ardhini, kwa sababu kinafanana nao kwa umbo. Watoto wetu walisema vitonge, na jina hilo likakaa. Wote huja, wa kike kwa wa kiume, maana tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mvulana anayejua kula atajua na kuviringisha.

Tulichagua kazi hii kwa sababu haihitaji ovena na haimwunguzi mtoto mdogo. Tunatumia biskuti za kawaida zisizo na krimu, zile za Marie ambazo kila duka la mtaani linazo. (Biskuti hizo zilianza London mwaka 1874 kwa ajili ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi aliyekuwa akiolewa na mwana wa Malkia Victoria. Mwalimu wetu hupenda kuwakumbusha watoto habari hiyo, nao huitikia kwa kumwomba biskuti nzima ambayo haijatwangwa.) Chukua gramu 400 za biskuti, uzitwange kwenye kinu kikavu hadi ziwe unga. Wengine huzifunga kwenye kitambaa safi na kuzipondaponda kwa chupa. Kisha chekecha, kwa sababu kipande kimoja kigumu kikibaki ndani kitonge kitapasuka pale pale kilipo. Changanya unga huo na vijiko viwili vya kulia vya kakao, tia chumvi kidogo sana ya ncha za vidole, halafu mimina maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo moja la gramu zinazokaribia 400. Usimimine yote kwa mara moja. Biskuti nyingine hunywa sana, nyingine hazinywi, nawe utajua kwa mkono: donge likishikamana bila kunata vidoleni, limetosha. Ukitengeneza vya ukubwa wa ndimu ndogo utapata vitonge 40 au karibu na hapo.

Kisha vinapumzika. Hapa wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga watatuonea wivu, kwa maana wao hawana budi kutumia jokofu. Sisi mwezi wa Juni na Julai tunaweka sinia dirishani, tukalifunika kwa chandarua, baridi ya Mbeya ikafanya kazi bure. Hata hivyo vitonge visiwe baridi mno wakati wa kuvichovya. Vikiwa kama barafu, chokoleti inajikaza ghafla juu yake na kupasuka kama udongo wa kiangazi.

Sasa chokoleti, na hapo ndipo penye kazi. Ziko chokoleti za namna mbili. Ipo ya kupambia keki, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Hiyo unaiyeyusha, unachovya, basi, inakauka yenyewe. Na ipo chokoleti halisi yenye siagi ya kakao, ambayo huyeyuka mdomoni kwa sababu siagi hiyo huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Hii ya pili ina kiburi. Ukiiyeyusha ovyo na kuiacha ikauke, itatoka bila kung'aa, ikashikashika vidoleni, na baada ya siku chache itaota weupe juu. Weupe huo si kuvu, wala haumdhuru mtu, ila mgeni hatauelewa.

Kwa vitonge 40 tunachukua gramu 300 za chokoleti nyeusi, tunaikatakata, na tunatenga theluthi moja pembeni. Theluthi mbili tunaziweka katika bakuli kavu juu ya sufuria yenye maji ya moto kidogo, bakuli lisiguse maji. Moto uwe mdogo. Tone moja tu la maji au mvuke likiingia, chokoleti yote inageuka chengachenga, kwa hiyo hatufuniki kamwe, na kijiko chochote kilicholowa hakiruhusiwi kukaribia. Ikiisha kuyeyuka tunaitoa motoni, tunatia ile theluthi iliyobaki, tunakoroga polepole hadi yote iyeyuke na joto lishuke. Wenye kipimajoto husema nyuzi 31 au 32. Sisi tunapaka tone kwenye mdomo wa chini: ukisikia ubaridi kidogo, iko tayari. Ukitaka uhakika, chovya ncha ya kisu uiweke kando. Ikikauka na kung'aa katika dakika chache, anza kuchovya kwa uma, kitonge kimoja kimoja, ukigonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili ziada idondoke.

Mwaka 2024 kazi hii ilitutia hasara. Mvua na magonjwa ya mikakao huko Ivory Coast na Ghana, nchi zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, yalipandisha bei hadi ikapita dola 10,000 kwa tani. Chokoleti madukani ikapanda nayo. Kwa miezi kadhaa tulitumia ile ya mafuta ya mimea, na watoto wakaitambua siku ya kwanza.

Lakini bei ile ile iliyotuumiza sisi ilikuwa neema kwa wazazi wa mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Kyela. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huko, mtelemko kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa. Mama yake ameshughulika na kakao maisha yake yote: kupasua tunda, kufunika mbegu kwa majani ya migomba ili zichachuke siku tano au sita, kuzianika na kuzigeuza juani. Mwenzetu alimpelekea vitonge 20 ndani ya kopo. Kufika Tukuyu vilikuwa salama. Kufika Kyela, penye joto, vilikuwa uji. Bibi alivila kwa kijiko. Alisema sukari ni nyingi mno, kisha akauliza, "Sasa hapa ndani kakao yenyewe iko wapi?" Tangu hapo tumepunguza maziwa ya kopo kidogo na kuongeza kijiko cha tatu cha kakao, naye akipelekewa hasemi neno, ambalo kwake ni sifa.

Watu wametushauri tuuze. Mwenzetu mwenye duka ameanza, anatengeneza kwake siku za Ijumaa na kuuza kwa walimu, na fedha hizo ni zake. Mume wake hajaziulizia, nasi tunaona amefanya vyema. Ila Jumamosi yetu tulikataa isiuzwe. Ukiweka oda mezani, mama anaanza kumhimiza mtoto afanye haraka, anahesabu, anamfokea aliyetoa kitonge kikubwa kuliko wenzake. Sisi tulikuwa tumekwisha kuona kinachotokea pale watu wanapokaa na mikono ina kazi, macho yakiwa chini, wala hakuna anayemhimiza mwenzake.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka ule wa 2024. Tulikuwa tumefika kwenye kuviringisha. Mtoto wa kiume wa mwenzetu mmoja, wakati huo kidato cha pili, alikuwa ameketi mwisho wa meza. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akifika nyumbani saa kumi na mbili jioni badala ya saa kumi, na sababu aliyokuwa akiitoa ni mpira. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha soli. Bila kuinua uso akasema, "Mama, mimi siku hizi natembea."

"Unatembea kwenda wapi, mwanangu?"

"Kutoka shule. Nauli wanachukua."

Mwenzetu hakuacha kuviringisha. Tuliona mikono yake ikitetemeka, na kitonge alichokuwa nacho kikabonyea, lakini sauti haikupanda. Akauliza tu, "Tangu lini?" Mtoto akasema tangu shule ifunguliwe. Wavulana wa kidato cha nne humngoja kwenye kona, na ukikataa wanakuvua viatu. Kabla hatujavuta pumzi, binti wa mwenzetu mwingine, wa kidato cha kwanza shule ile ile, naye akasema, "Mimi walichukua hela ya mtihani." Mama yake alikuwa ameitoa fedha hiyo mara mbili, maana binti alimwambia ya kwanza imepotea.

Hatukuinuka. Mwalimu wetu alisogeza sinia karibu nao, tukaendelea, nao wakaendelea kusema kwa zamu, kidogo kidogo, hadi donge likaisha. Akina mama wenzetu, hapo hakuna mtu aliyetoa shauri. Kama mmoja wetu angepiga kelele au kuanza kulaani, tunaamini wale watoto wangenyamaza, na huenda wasingesema tena.

Usiku ule baba wa mtoto alitaka kwenda kuwatafuta vijana hao mwenyewe. Mkewe alimsihi angoje Jumatatu. Jumatatu walikwenda wote wawili, na mwalimu waliyemkuta aliwaambia kwamba hayo ni mambo ya wavulana, atazoea. Walirudi Jumatano wakiwa wazazi wanne, baba wawili na mama wawili, wakiwa na karatasi yenye tarehe na kiasi cha fedha, kama watoto walivyokumbuka. Karatasi ile ilifanya kazi. Shule iliwaita wazazi wa vijana wawili, fedha zikaacha kuchukuliwa. Hatusemi yote yalikwisha; mtoto aliendelea kuzunguka njia ya mbali ili asipite kwenye kona ile, na usiku mwingine aliota akipiga kelele.

Likabaki jambo moja. Mmoja wa wale vijana wawili ni mtoto wa mama anayechoma vitumbua asubuhi pale barabarani kwetu. Tulikuwa tukisalimiana naye kila siku. Baada ya kikao cha shule akawa anainamia kikaango chake tunapopita. Tulibishana. Muuguzi wetu alisema mama yule hana kosa, tumkaribishe Jumamosi. Mwenye duka alisema kumkaribisha ni kumwambia mtoto wetu kwamba uchungu wake si kitu. Tuliona kuna ukweli pande zote mbili, tukamwachia mama wa mtoto aamue, na hatukumharakisha. Ilimchukua miezi mitatu. Novemba alisimama, akanunua vitumbua vinne, akamwambia siku na saa.

Alikuja na binti yake wa miaka tisa. Tulimpa kinu na mchi. Kwa nusu saa ya kwanza alitwanga bila kusema, akatwanga hata biskuti ambazo hazikuhitajika. Kisha, akichekecha, akaeleza kwamba mume wake aliondoka Januari kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, na tangu Machi hakuna fedha wala salamu. Kijana alikuwa akileta sukari nyumbani na kusema amebeba mizigo sokoni. "Mimi niliamini," alisema. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Habari hiyo haifuti yaliyotendwa, na hatukumwambia kwamba imefuta.

Mtoto wetu alipomwona mama yule mezani alitoka nje, akaenda kukaa karibu na banda la kuku. Mama yake hakumfuata. Chokoleti ilipoondolewa motoni alirudi, kwa sababu kupima kwa mdomo na kuchovya ni kazi yake, na hamwachii mtu. Alichovya vyote 40 akiwa amempa mgongo yule mama. Binti wa miaka tisa alikuwa akimsogezea vitonge kimoja kimoja, naye akawa anavipokea.

Siku hizi mama wa vitumbua huja na mchi wake mwenyewe, anasema wetu ni mwepesi. Mwanawe mkubwa hajaja bado.