Ndege ya Babu na Bati Lililotiwa Umri



Wapenzi wasomaji wetu, tumezoea katika ukurasa huu kuzungumza juu ya malezi, mirathi na haki za majirani. Wiki hii tutazungumza juu ya ndege ya vita. Tunawaomba mtuvumilie, kwani maneno haya mwisho wake yatarejea sokoni na nyumbani, nako ndiko yalikoanzia.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa miaka kumi pale ndege za Waitaliano zilipoushambulia kwa mabomu mji wetu wa Malindi, tarehe 24 Oktoba 1940. Vita vilikuwa vimetufikia mwezi Juni mwaka huo, Italia ilipojiunga na Ujerumani, kwani Waitaliano ndio waliokuwa wakiitawala Somalia na Uhabeshi, nchi zinazopakana na Kenya. Ilikuwa ni Ramadhani ya mwaka 1359, na kumi la mwisho lilikuwa limekwisha ingia. Marehemu hakuwa na mengi ya kusimulia juu ya siku ile. Alisema alisikia mngurumo akadhani ni mvua ya vuli, kisha mama yake akamvuta chini ya mwembe na kumfunika kwa kanga. Magharibi ilipofika walifuturu kwa tende na maji, gizani, kwa kuchelea kuwasha moto. Kila alipoimaliza hadithi hiyo, aliuliza swali lilelile: "Na za kututetea zilikuwa wapi?"

Swali hilo alilirithi kijana wetu mdogo. Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani kusubiri nafasi ya chuo, na sisi, kama wazazi wengi, tukaanza kumtazama kwa jicho la kuhesabu sahani. Jioni moja alitujia barazani na karatasi alizozichora mwenyewe. "Baba," akasema, "jibu la Babu nimelipata."

Jibu lenyewe lilikuwa ndege iitwayo Hurricane, iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Hawker. Iliruka mara ya kwanza mwezi Novemba 1935, ikiwa na mtambo wa Rolls-Royce, na baadaye ikapewa bunduki nane, nne katika kila bawa. Mwaka ule wa 1940 marubani wa Afrika Kusini walikuwa nazo hapa Kenya, lakini zilikuwa chache na nchi ni pana. Basi zilikuwapo, ila si kila mahali na si kila saa. Kijana alitaka kuunda moja kwa kipimo cha moja kwa tano, ili, kama alivyosema, ije japo kwa kuchelewa.

Tuliuliza kwanza ambalo kila mwalimu wa madrasa angeliuliza, nalo ni hukumu ya sanamu. Tukaridhika kwamba ndege ya mbao haina roho, ni kama mtu aundaye mfano wa jahazi. Kisha tukasema: "Lakini hicho ni chombo cha kuulia watu." Akatujibu kwa adabu: "Na jambia la Babu lililoko ukutani, Baba?" Tukanyamaza, tukamwambia aanze.

Ndege halisi ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 12 na kitu kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo chake yalitoka mita 2.44, na hayo ndiyo hasa urefu wa ubao mzima wa plai unaouzwa madukani. Kijana alilichukua jambo hilo kuwa ni ishara njema. Kiwiliwili kilikuwa karibu mita 2. Tulishangaa kuona kwamba sehemu ya nyuma ya Hurricane haikuwa ya bati. Ilikuwa mifupa ya chuma na fito za mbao, juu yake ikavutwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Fundi mmoja wa majahazi, jirani yetu, alipouona mchoro alicheka akasema, "Hili ni jahazi lililopinduliwa." Akamwonyesha kijana namna ya kupanga mataruma ili mstari usivunjike. Plai ya milimita 3 ikawa mbavu, mianzi iliyopasuliwa ikawa fito, na marekani iliyopakwa gundi ya maji ikajikaza juani mpaka ikalia kama ngozi ya dufu.

Wazee walipita, wakakaa, wakabishana. Mmoja aliuliza faida ya kufufua mambo ya Waitaliano ilhali leo tunaishi nao vizuri. Ni kweli. Waliotujia kwa mabomu walirejea baadaye kwa mahoteli na mikahawa, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti yao kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Leo watoto wa Malindi huwaamkia wageni kwa Kiitaliano. Sisi tulimjibu mzee yule kwamba kusamehe ni kwa mwenye kukumbuka. Aliyesahau hana alichosamehe.

Ndege ilipokwisha pakwa rangi, kijani na hudhurungi juu, tulidhani kazi imekwisha. Kijana akatuambia sasa ndiyo inaanza, maana ni lazima aichakaze. Ndege ya vita, alisema, haikai mpya hata mwezi mmoja. Vumbi, jua, mafuta na moshi huiandika mwilini, na ukiiacha iking'ara umeifanya kuwa ndege ya dukani.

Tuliketi siku nyingi tukimtazama. Sehemu za bati alikuwa amezipaka kwanza rangi ya fedha. Juu yake alinyunyiza chembe za chumvi, ile chumvi yetu ya mawe itokayo Gongoni, kwa maji kidogo ili ishike. Chumvi ilipokauka alipaka rangi ya juu, kisha akaisugua kwa brashi, na kila palipokuwa na chembe pakabaki kidonda kidogo cha fedha, kama rangi iliyobanduka. Rangi nyeusi aliizimua kwa mafuta ya taa na kuipitisha katika mistari ya maungio, akafuta, na mistari ikajitokeza. Masizi ya kibatari yalikuwa moshi wa mtambo, na yalikuwa pia weusi wa midomo ya bunduki. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kilemba chetu cha zamani, bila idhini yetu, ulikuwa vumbi la kiwanja.

Mara ya kwanza alizidisha. Ndege nzima ilikuwa na ndui. Hata kule nyuma kwenye kitambaa alikuwa ametoa vidonda vya fedha. Siku tatu aliitazama bila kuigusa, kisha akatwambia: "Nimekosea, Baba. Kitambaa hakibanduki kikatoa bati." Akaipaka upya sehemu yote ile. Tangu hapo hakuweka alama hata moja asiyoweza kuitolea sababu. Karibu na shina la bawa rangi imelika, kwa kuwa hapo ndipo rubani anapokanyaga akipanda. Nyuma ya matundu ya moshi pana weusi, kwa kuwa upepo huurudisha moshi nyuma. Chini ya tumbo pana vumbi, kwa kuwa magurudumu hulirusha. Tulijifunza kwake kwamba kuchakaa kuna elimu yake.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuishike kalamu.

Ili kujaribu mkono wake, kijana alikuwa ametengeneza kipande kimoja cha kipimo cha kweli, bati la alumini la urefu wa mkono, lenye misumari ya kufungia, rangi iliyobanduka na masizi. Alilizika ufuoni kwa wiki kadhaa ili bahari ilile, kisha akalileta na kuliegemeza barazani. Mtu mmoja mwenye biashara ya vitu vya kale alipita, akaliona, akasimama. Alidhani limetoka katika mabaki ya ndege ya vita. Kijana alimwambia kweli, kwamba ni kazi ya mikono yake. Yule mtu hakuudhika. Alifurahi. Alisema atalinunua kwa shilingi elfu arubaini, na mengine manne kama hilo, kwa sharti moja tu: asiulizwe mtu, na asiseme mtu. Atakayoyasema kwa wateja wake ni juu yake mwenyewe.

Wapenzi wasomaji, wiki ileile barua ya chuo ilikuwa imefika, na karo ilikuwa imetushinda. Tunakiri mbele yenu kwamba hatukumfukuza mtu yule. Tulimwambia, "Njoo kesho." Sisi ambao kila Alhamisi tunawasomesha watu mlango wa biashara, tunaowasimulia jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji kwa ghushi, usiku ule tulilala tukijitafutia njia. Tulijiambia kwamba sisi hatutatamka uwongo wowote. Tulijiambia kwamba mnunuzi wetu anajua ukweli, na anayefuata si wetu. Tulijiambia kwamba karo ni haja. Lakini yule mwenye rundo naye hakutamka uwongo. Aliuacha ukavu wa juu useme kwa niaba yake.

Baada ya sala ya Alfajiri tulimkuta kijana barazani na msumari mkononi. Alikuwa amelipindua bati na kulichora nyuma, kwa herufi kubwa za kina, jina lake, mji wa Malindi, na mwaka. Alitutazama kwa haya, kana kwamba yeye ndiye mkosa. "Kama analitaka hivi, Baba, tumuuzie," akasema. Hatukuwa tumemwambia chochote juu ya usiku wetu. Tulimpokonya msumari tukauweka mfukoni ili tupate la kufanya kwa mikono yetu.

Mtu yule alikuja, akaligeuza bati, akalisoma, akacheka, akaenda zake. Hatukupata elfu arubaini. Kijana alikosa muhula wa kwanza, akaingia wa pili, karo ikilipwa kidogo kidogo kwa msaada wa ami zake, Mwenyezi Mungu awalipe. Hatutasema kwamba subira ile ilikuwa tamu.

Lakini tulipata kuijua tofauti ambayo vitabu vyetu vilitueleza na sisi tukaipita haraka. Ndege ile na bati lile vilichakazwa kwa mkono mmoja, kwa chumvi moja na masizi yaleyale. Ndege humwambia kila aitazamaye, "Mimi ni mfano, kumbuka." Bati lingekaa kimya ili lidhaniwe. Uzee wa ndege ni hadithi, na uzee wa bati ungekuwa ghushi. Kilichovitenga ni maneno machache yaliyochorwa kwa msumari. Nanyi mtayaona hayo kila siku: katika gari lililopakwa rangi juu ya kutu, katika embe bovu lililogeuzwa uso mzuri nje, na katika mposaji aliyevaa kanzu ya kuazima.

Ndege yenyewe imening'inizwa madrasani, juu ya mikeka ya watoto. Upepo wa bahari umeanza kuila, na mjusi ametaga katika bawa la kushoto. Mkia unaning'inia chini kidogo, na kila mtoto anayeingia huugusa kabla ya kukaa. Pale sasa rangi imebanduka, na si kwa chumvi. Kijana aliporudi likizo tulimwuliza kama atapatengeneza. Akapatazama, akasema, "Hapo paacheni, Baba. Hapo pamechakaa kweli."

Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu baba yetu, awatengeneze watoto wetu, na atuamshe kabla ya Alfajiri pale tunapolala na hila. Amin.