Kani ya Jicho

Jicho la mwanadamu ni tufe dogo lililojaa maji na ute, na umbo lake hushikwa na kani iliyo ndani yake. Katika jicho lenye afya, kani hiyo kwa kawaida huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikipungua mno, jicho hunywea. Ikizidi mno, mishipa hubanwa na retina ikakosa damu. Hivyo nuru ya mtu hukaa baina ya hatari mbili.

Mwaka 1971 Robert Machemer, tabibu wa Miami, alitangaza njia ya kuukata ute na kuufyonza kwa chombo chembamba pasipo kulifumua jicho, huku maji yakitiwa mahali pake. Mwaka 2002 vilitangazwa vyombo vya unene wa nusu milimita, ambavyo tundu zake mara nyingi hazihitaji kushonwa.

Lakini udogo wa jeraha si wepesi wa kazi. Ufyonzaji ukishinda maji yaingiayo, kani hushuka ghafula. Mpasuaji akibonyeza ukuta wa jicho ili auone ukingo wa retina, kani hupanda. Damu ikivuja, yeye mwenyewe huipandisha kani ili aizuie. Akisahau kuishusha, retina hufa njaa. Hata baada ya upasuaji, tundu lisiloshonwa laweza kuvuja, jicho likalegea.

Kwa hiyo mkono hodari hautoshi. Ustadi hukata, kiasi ndicho kiokoacho.